Nimeombwa Subira Tena

Hapa Kakese tunaazimana vitu vingi: jembe, baiskeli, turubai la kuanikia mpunga, hata suti ya kuolea. Vyote hurudi, ingawa jembe linaweza kurudi bila mpini na suti ikarudi na mchuzi. Kitu pekee nilichokwisha kukitoa na sijawahi kukiona tena ni subira, na aliyekichukua ni kocha wa timu yetu ya kata.

Kila baada ya kufungwa, kocha anasimama chini ya mwembe, anajifuta jasho ambalo haijulikani amelitolea wapi maana dakika zote 90 alikuwa amekalia kiti cha plastiki, kisha anatamka: "Ndugu mashabiki, timu inajengwa. Vijana wanapata uzoefu. Mapungufu tumeyaona, tunakwenda kuyafanyia kazi. Tunaomba subira." Akimaliza, anapitisha kofia ya mchango wa maji ya wachezaji.

Mimi si mtu wa haraka. Nimekulia enzi za barabara ya vumbi ya kwenda Tabora, ambapo masika basi likizama abiria wanashuka, wanakusanya kuni, wanapika, wanajuana, na wawili watatu wanaahidiana ndoa. Kuhusu kusubiri hakuna wa kunifundisha. Lakini tangu kocha aanze kutangaza ujenzi wa timu, jirani yangu amefyatua tofali, amezichoma, amejenga, ameezeka, amepangisha, na mpangaji ameshahama usiku na deni la kodi. Timu bado iko kwenye msingi.

Tuelewane tulivyofika hapa. Zamani timu yetu ilikuwa ya watu wazima. Mshambuliaji alikuwa na ndevu na watoto wanne. Beki wa kati alicheza na kitambi chake, na wapinzani waliogopa zaidi kitambi kuliko miguu. Ikikaribia mechi kubwa tuliongeza mamluki: vijana wanaoletwa kwa bodaboda kutoka mjini Mpanda, wanavaa jezi yetu, wanaulizana "hawa wa kijani ndio sisi?", wanafunga mabao mawili, wanalipwa, wanakula wali, wanaondoka kabla jasho halijakauka. Mbuzi wa ubingwa tunamchinja sisi. Basi tukaamini tuna timu.

Mambo yakageuka. Mshambuliaji alikwenda machimboni kutafuta dhahabu. Kama ameipata hatujui, tunachojua hajarudi. Beki alisalimu amri kwa goti. Viungo wawili walinunua pikipiki wakahamia mjini kubeba abiria. Na mamluki waliposikia bei ya mpunga imepanda, nao wakapanda. Ndipo kamati ikakutana na kutoka na tamko zito kwamba kuanzia sasa kata yetu inaamini katika kuibua na kulea vipaji vya vijana. Nilikuwepo kikaoni. Nilimwona mweka hazina akifungua daftari, nikaona ukurasa ulivyokuwa mweupe. Falsafa ya vijana, popote duniani, huanzia pale hela ya mamluki inapoishia.

Wangekuwa vijana wa watu ningelalamika kwa uhuru wangu wote. Bahati mbaya kipa ni mpwa wangu. Analala kwangu, anakula kwangu, yuko kidato cha tatu, na mwaka huu amerefuka hadi suruali za shule zimegeuka pensi. Jina lake la ubatizo hataki kulisikia. Anajiita Diarra.

Mimi ni mtu wa Simba. Kulala nyumba moja na Diarra ni mtihani ambao sikuuomba. Djigui Diarra mwenyewe, yule Mmali aliyetua Yanga mwaka 2021, ni kipa wa kisasa: anatoka golini, anacheza kwa miguu, anatoa pasi ndefu utadhani ni kiungo aliyekosea jezi. Mpwa wangu ameyatazama hayo yote kwenye simu, kwa bando langu, na somo la kutoka golini amelielewa vizuri sana. Somo la kurudi bado hajalifikia.

Juzi tulipocheza na jirani zetu wa Mwamkulu alitoka na mpira mguuni hadi karibu na duara la kati. Uwanja mzima ukasimama. Akataka kumpiga mshambuliaji wao kanzu. Sasa uwanja wetu ni njia ya ng'ombe, na nyayo za masika zikikauka kiangazi zinakuwa vishimo vigumu vinavyobadilisha mawazo ya mpira. Mpira ukabadilisha mawazo. Yule mshambuliaji hakukimbia hata kidogo. Alitembea nao hadi golini, akasimama, akatazama nyuma kuhakikisha hakuna aliyemwita, akausukuma. Mpwa wangu akageukia upande wa mashabiki, akapaza sauti: "Mjomba, si umeona uwanja?"

Mzee mmoja kando yangu akauliza, "Huyo mjomba wake ni nani?" Nami nikaangaza macho kumtafuta.

Jioni yake kwenye kijiwe cha kahawa ikasomwa hukumu. Mtoto apumzishwe. Beki wa kulia apumzishwe. Kocha apumzishwe. Waletwe mamluki, hela itapatikana mbele ya safari. Na waliokuwa wakihukumu ni akina nani? Ni wanaume wale wale wanaomwaga mbegu kitaluni mvua zikianza, wanang'oa miche, wanaipandikiza wakiwa wameinama kwenye maji siku nzima, wanapalilia, kisha wanaamkia mbugani alfajiri kuamia ndege mpaka koo linakauka. Mwenye mbegu ya Saro iliyowahi kuiva hamcheki mwenye mbegu ya Supa inayochelewa, kwa sababu anajua Supa ikiiva itanukia hadi barabarani. Mpunga wanausubiri miezi. Mtoto wa miaka 16 wanamsubiri mpaka mapumziko.

Aliyevuruga hukumu ile ni mwalimu mmoja mstaafu, mzee ambaye huwa hazungumzi mpaka kikombe cha pili. Akakohoa, akauliza: "Nyinyi mnajua kwamba Tanzania iliwahi kufungwa 18 kwa bila?"

Kijiwe kikawaka. Watu wa Yanga wakasema hiyo lazima ilikuwa Simba, watu wa Simba wakaapa hiyo ni Yanga kabisa.

"Hapana," akasema mwalimu. "Moscow, 1980. Olimpiki. Mpira wa magongo. Na aliyetufunga ni India."

Kijana mmoja akauliza kwa heshima zote, "Shikamoo babu, magongo ni haya haya ya kuchungia?" Yeye kwao wana ng'ombe, hivyo swali lilikuwa la kitaalamu.

Mwalimu akaeleza, na mimi nayaeleza hapa kwa sababu ni mambo ambayo taifa limeyasahau kwa bidii. Mwaka ule Marekani iliongoza mgomo dhidi ya Olimpiki ya Moscow kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Mataifa mengi yenye magongo yake mazuri yakabaki nyumbani, hata jirani zetu Wakenya, ambao mwaka 1971 walishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la mchezo huo kule Barcelona. Zikabaki nafasi. Sisi tukaenda. Upande wa wanaume zikawa timu sita tu: India, Hispania, Umoja wa Kisovieti, Poland, Cuba na Tanzania.

India 18, sisi bila. Hispania 12, sisi bila. Wasovieti 11, sisi 2. Poland 9, sisi moja. Cuba 4, sisi bila. Ukijumlisha ni mabao 54 kwa 3. Na kama vile hayo hayatoshi, tukakutana na Cuba tena kugombea nafasi ya tano, wakatufunga 4 kwa 1. Mechi ya magongo wakati huo ilikuwa dakika 70, kwa hiyo siku ya India bao lilikuwa linaingia kila baada ya dakika nne, na kidogo wanakuzidishia. Mtu ukiinama kufunga kamba ya kiatu unakuta mawili. India ndio waliochukua dhahabu, hatukufungwa na wahuni.

Lakini mwalimu hakutaka tukae kwenye 18. Alitaka tukae kwenye yale mabao mawili tuliyowafunga Wasovieti kwao. Anayataja kwa namna ambayo mgeni angedhani aliyafunga yeye mwenyewe kisha akarudi Kakese kufundisha hesabu. "Watu ambao hawajawahi kufika kule," akasema, "wamefungwa 18, na bado siku nyingine wanaingia uwanjani, wanafunga. Sasa nyinyi mtoto kafungwa bao moja na kishimo cha ng'ombe, mnataka afukuzwe."

Nikaona wenzangu wanaanza kulainika. Nikaagiza kashata. Ndipo kijana wa bodaboda, kiongozi wa chama cha mamluki, akainua macho kutoka kwenye simu yake akasema: "Mzee, mbona hao hao Moscow, kwenye magongo hayo hayo, wanawake wa Zimbabwe walikusanywa wiki chache tu kabla ya mashindano, wakachukua dhahabu?"

Simu hizi. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Zimbabwe walikuwa wamepata uhuru Aprili mwaka ule ule, mwaliko ukawafikia dakika za lala salama, wakakusanya timu mbio mbio, wakaenda, wakarudi na dhahabu ya kwanza ya nchi yao. Hakuna kilichojengwa, hakuna aliyeombwa subira. Hoja ya mwalimu ikaanza kuvuja.

Kilichotuokoa ni mwisho wa hadithi. Inasimuliwa kwamba wale akina mama waliahidiwa ng'ombe mmoja mmoja wakirudi, na walichokuja kupewa ni nyama iliyofungwa kwenye pakiti. Kijiwe kizima kikashika vichwa. Dhahabu haikuwa imewagusa hata kidogo, lakini hili la ng'ombe liliwaingia. Mzee mmoja mfugaji akawa anarudia peke yake, "Ng'ombe mzima anageukaje pakiti? Ngozi iko wapi? Pembe ziko wapi?" Ajenda ya kipa ikafa hapo hapo na kahawa ikaisha.

Mimi nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa pande zote mbili. Kufungwa 18 hakuniumi. Mtu anayejifunza lazima afungwe, na akijifunzia kwa bingwa atafungwa sana. Linaloniuma ni kwamba baada ya Moscow timu yetu ya wanaume ya magongo haijarudi tena Olimpiki. Ukiuliza habari za Moscow 1980 watu watakutajia fedha ya Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na fedha ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000, na wana haki. Wale wa magongo hakuna anayewataja isipokuwa mwalimu wetu na kikombe chake cha pili. Uzoefu wa mabao 58 tuliulipia wote, hatukuutumia hata robo.

Na mpira wa miguu ndiyo hivyo hivyo. Mwaka ule ule wa 1980 Taifa Stars walicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kule Nigeria. Wakaja kurudi tena mwaka 2019, Misri. Miaka 39. Aliyezaliwa wakati wa fainali zile, kwa mwendo wetu wa huku, alizisubiri fainali za pili hadi akapata wajukuu. Tulipofika Misri tukafungwa mechi zote tatu, na tulichoambiwa ni kwamba vijana wamepata uzoefu. Safari hii angalau kuna mtu aliuhifadhi, maana kwenye fainali zilizoanza Januari 2024 kule Ivory Coast tulitoka sare na Zambia na DR Congo. Sare mbili si mbuzi, lakini si pakiti.

Ukitaka kuona uzoefu ukitunzwa unavyokuwa, waangalie Serengeti Boys wa 2017. Watoto wale walikwenda Gabon kwenye fainali za vijana chini ya miaka 17, wakatoka bila kufungana na Mali, wakawafunga Angola 2 kwa 1, wakafungwa na Niger bao moja, wakaaga mashindano wakiwa na pointi 4 sawasawa na Niger hao hao. Nchi ikalia, ikasahau. Lakini kulikuwa na beki mmoja mfupi, Dickson Job, ambaye Mtibwa Sugar hawakumsahau. Wakaendelea kumpanga mechi baada ya mechi, akikosea anapangwa, akipatia anapangwa, mpaka Yanga wakaja kumchukua akiwa mtu mzima, akawa pia beki wa Taifa Stars. Inaniuma kuandika sifa za mchezaji wa Yanga, ila kazi ni kazi.

Wale Serengeti Boys wa zamani zaidi tusiwaguse sana. Walifuzu fainali za 2005 kule Gambia, wakaondolewa kabla ya kwenda kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Nalitaja kwa kuwa hata sisi tunaye mmoja ambaye kwenye fomu ana miaka 17. Ni winga mzuri, anajituma, tatizo lake ni kwamba anasimulia alivyopanga foleni kupiga kura uchaguzi wa 2015.

Haya, nirudi kwa Simba, maana huko ndiko nilikohitimu masomo ya subira. Tulichukua ubingwa misimu minne mfululizo hadi 2021, tukajiona tumeumaliza mpira. Yanga nao wakachukua minne mfululizo hadi 2025. Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 2024, viongozi wakavunja kikosi, wakaleta damu changa, tukaambiwa timu inajengwa. Nikajisemea, hata huku? Msimu huo huo vijana wale wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukafungwa na RS Berkane wa Morocco kwa jumla ya 3 kwa 1.

Lakini kabla ya fainali kulikuwa na Babati. Februari 2025, tunacheza na Fountain Gate, winga wetu kijana Ladack Chasambi, mtoto mwingine aliyetoka Mtibwa, akarudisha mpira kwa kipa wake. Kipa hakuwa pale mpira ulipokwenda. Ukaingia. Tukatoka sare ya 1 kwa 1. Wiki ile Kakese hapakulimwa. Watu ambao kumrudishia mwenzao baiskeli tu kunawashinda walikuwa wanachambua namna ya kurudisha mpira. Aliyepiga kelele kuliko wote ni bwana mmoja aliyewahi kuliingiza trekta la tajiri wake mtaroni mchana kweupe, njia nyeupe, hakuna mvua. Hakupumzishwa. Analiendesha mpaka leo, na analima vizuri kweli, kwa sababu tajiri alipiga hesabu akaona gharama ya kumfundisha ameshailipa mtaroni.

Hiyo ndiyo hesabu ninayoitaka kwenye timu yetu, na ndiyo ambayo kocha hataki kuisikia. Kocha ni mtu wa Arsenal. Timu yao ilichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2004, kisha wakakaa zaidi ya miaka 20 wakisubiri mwingine. Kwake subira si mkakati, ni afya yake ya kawaida. Nikimuuliza anajenga nini, ananijibu falsafa. Nikimuuliza mazoezi ni lini, ananitazama kama nimemtukania mama.

Maana mazoezi yenyewe hayapo. Tuna mpira mmoja, na valvu yake inapumua kuliko beki wetu wa kushoto. Muda wa mazoezi umepangwa saa kumi na moja jioni, na mwezi wa nne na wa tano saa hiyo kwelea kwelea ndio wanashuka mbugani, hivyo kikosi kizima kiko kwenye majaruba na mabati na kamba kinapiga kelele. Asubuhi, ndege tena. Tukimaliza kuvuna, watoto wako shule au wanabeba magunia mashineni. Wanakutana siku ya mechi. Halafu anasimama mtu chini ya mwembe kuniambia vijana wanaimarika. Wanaimarika koo.

Na msimu ukiisha, nusu ya vijana wanaondoka. Mmoja kamaliza kidato cha nne kaenda kwa shangazi yake Dar es Salaam. Mwingine wazazi wamehama na mifugo. Wawili wamefuata dhahabu. Wanaobaki, matusi ya kijiweni yanawamaliza, wanaamua bora kucheza pool. Msimu unaofuata kocha anakusanya watoto wengine ambao hawajui hata mwembe wa hotuba uko wapi, wanafungwa upya, na maneno yanatoka yale yale bila kukosewa koma. Hotuba ndiyo mchezaji pekee aliyedumu kwenye kikosi chetu misimu yote, na ingekuwa inafunga tungeshapanda daraja.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kamati nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi subira ninayo, ila siwezi kuianza sifuri kila mwaka. Naomba mambo mawili. Hawa hawa waliofungwa mwaka huu ndio wacheze mwaka ujao, wasipumzishwe wala wasitukanwe hadi waache. Na ununuliwe mpira wa pili, watoto wafanye mazoezi Jumamosi saa nne ndege wakishatulia."

Kimya kikapita. Mwenyekiti akasema hoja ni nzuri sana, nzito, ya kimaendeleo. Akauliza nani anaiunga mkono kifedha. Watu wakaanza kusoma kalenda ya ukutani. Baada ya muda akasimama yule bwana wa trekta akapendekeza kwamba kwa uchungu niliouonyesha nichaguliwe kuwa mlezi wa timu ya vijana. Sijawahi kuona Kakese ikikubaliana haraka vile. Hata mradi wa maji ulikuwa na wapinzani. Mlezi wa timu, kwa msomaji asiyejua, ni cheo kisicho na mshahara. Kina bili.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu nimechaguliwa. Akaniuliza, "Baba Neema, umechaguliwa au umekamatwa?"

Sasa kila Jumamosi baada ya mazoezi kikosi kinapita kwangu kumsindikiza Diarra. Kinamsindikiza hadi jikoni. Beki wa kushoto, yule wa kupumua, anaongezewa wali bila kuombwa na anashukuru kwa kuinua sahani tena. Yule wa miaka 17 aliyepiga kura anakula polepole, kwa adabu, na anamwamkia mke wangu "habari za leo dada", wakati wenzake wote wanasema shikamoo mama. Mpunga niliopanga kuuza Desemba bei ikipanda unapungua gunia kwa gunia, na nikilalamika mke wangu ananijibu kwa sauti ya kocha kabisa kwamba vijana wanapata uzoefu.

Matokeo? Yapo, ila tusiyashangilie. Kwenye mechi iliyopita tulitoka sare ya 2 kwa 2, na mabao yote mawili tuliyofungwa yalikuwa ya haki, hakuna lililofungwa na ng'ombe. Kipindi cha pili mpwa wangu alitoka golini tena. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amepiga pasi, ameona hali si nzuri, na alikuwa njiani kurudi. Alirudi mwenyewe, kwa miguu yake, bila kuitwa. Mwalimu mstaafu alipiga makofi hadi kofia ikaanguka, na mzee aliyekuwa kando yangu siku ya Mwamkulu akauliza tena huyo mjomba wake ni nani. Safari hii sikuangaza macho.

Sasa mtoto amepata kiburi, anataka glovu. Si glovu tu, anataka kama za Diarra. Nimempigia simu mtu wa mjini aniangalizie sokoni, na nimemwambia wazi hela nitatuma leo leo, ubora achague yeye, ila ziwe nyekundu.